Hummus ya nyumbani hapa Dar: hela peleka kwenye tahini, mashine ya bei mbaya achana nayo

Watu wengi siku hizi wanauliza wanunue mashine gani ili hummus ya nyumbani, ule uji mzito wa dengu (chickpeas) zilizosagwa na tahini, yaani ufuta uliosagwa, itoke laini kama ya kwenye migahawa ya Walebanoni, na majibu karibu yote wanayopewa ni majina ya mablenda ya bei za kutisha. Mi hummus naipika nyumbani muda mrefu sasa, nimetumia dengu za kila aina zinazopatikana hapa mjini, tahini za chupa na ya kusaga mwenyewe, blenda ya jagi, fuudi prosesa, hadi kinu, kwahiyo hii ni rivyu ya vyote kwa pamoja, kipi kinastahili hela yako na kipi hakistahili. Na jibu natoa hapa hapa mwanzo mwenye haraka aondoke nalo: ulaini unatoka kwenye sufuria, ladha inatoka kwenye tahini, mashine ni ya tatu kwenye foleni.

Kwanza dengu. Ziko za aina tatu ambazo utakutana nazo. Kuna zile kubwa za rangi ya maziwa, ambazo ndo Walebanoni, Wasyria, Wapalestina wanazotumia, unazipata Kisutu na Kariakoo kwenye maduka ya nafaka na viungo. Kuna zile ndogo za kahawia zenye ganda gumu, hizi ndo zetu, zinalimwa sana kanda ya ziwa, Shinyanga, Simiyu, Mwanza, kwenye mashamba ya udongo mweusi wa mbuga, zinapandwa mvua zikiwa zinaelekea kuisha na zinakua kwa unyevu uliobaki ardhini, na sehemu kubwa inasafirishwa kwenda India. Halafu kuna hizo hizo ndogo zikiwa zimekobolewa na kupasuliwa, wauzaji wengine wanaziita chana dali, na ukizisaga ndo unga wa dengu wa kukaangia bajia.

Kwa hummus nunua zile kubwa nyeupe kama mfuko unaruhusu, sio kwa sababu ya sifa, ni kwamba ganda lake ni jembamba na linaachia kirahisi, na ndani yake kuna uto mwingi zaidi. Za kahawia zenye ganda sizipendekezi kabisa kwa kazi hii, ganda lake nene halisagiki likaisha, utapata hummus yenye punje punje na rangi ya udongo hata uwe na mashine gani. Lakini hizi za kukoboa jamani watu wanazidharau na hazistahili dharau, hazina ganda kwahiyo ile shughuli yote ya kuondoa maganda haipo, zinaiva haraka, bei yake iko chini, na hummus yake inakuja ya njano kidogo na nzito, ladha inaelekea upande wa bajia, mi naipenda. Mtu ambaye ndo anaanza na hataki kuhangaika aanze na hizi.

Dengu za kopo nazo nizungumzie maana supamaketi zipo nyingi. Kopo la gramu 400 ukimwaga maji unabaki na dengu kama gramu 240 hivi. Kilo moja ya dengu kavu ukiloweka na kuchemsha inazidi kilo mbili, yaani sawa na makopo tisa au zaidi, kwahiyo hesabu ya hela iko wazi, kopo ni la dharura, wageni wamepiga simu wako njiani. Na hata hivyo usilifungue ukasaga moja kwa moja, dengu za kopo zimeiva kwa kuliwa nzima kwenye saladi, kwa hummus bado ngumu. Zimwage kwenye sufuria na maji safi na kijiko kidogo nusu cha bekingi soda, zichemke dakika 15 mpaka 20, utaona maganda yanaanza kuelea yenyewe, hapo sasa zimekuwa dengu za hummus.

Sasa kwenye kupika ndo pa kukaa muda mrefu kidogo maana hapa ndo watu wanapoharibu halafu lawama zinakwenda kwa blenda.

Chukua dengu kavu gramu 250, chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi, angalau mara tatu ya dengu zenyewe maana zinavimba sana, na kwa joto la Dar kama jikoni kwako kunachemka weka bakuli kwenye friji, maji ya kuloweka yakikaa joto usiku mzima yanaanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Asubuhi mwaga maji, weka dengu kwenye sufuria kavu na kijiko kidogo kimoja cha bekingi soda, zikaange kaange dakika tatu hivi moto wa wastani huku unakoroga ili soda ishike kwenye ganda, ndo uweke maji mapya. Povu litakuja jingi na maganda yatapanda juu, yatoe yote na mwiko wa matundu. Dakika 30 zinaweza kutosha, saa nzima inaweza kupita, inategemea dengu zimekaa stoo muda gani, dengu za msimu wa zamani zina ukaidi sana na hakuna cha kufanya zaidi ya kuongeza muda. Kipimo sio saa, kipimo ni vidole, chukua moja ifinye kati ya kidole gumba na cha shahada, ikipotea yote bila kuacha chembe ngumu katikati imeiva, ikipasuka vipande viwili rudisha kifuniko endelea. Dengu ya hummus inatakiwa iwe imepitiliza, ile ambayo kwenye mchuzi ungesema imevurugika, hiyo ndo yenyewe.

Kwanini soda. Seli za dengu zimeshikana kwa pektini, ile gundi ya asili ya mimea, na maji yenye alkali yanailegeza hiyo pektini haraka, kwahiyo ganda linaachia na ndani panalainika. Ni kitu kile kile mama zetu wanachofanya na magadi kwenye maharage na makande, na magadi yanafanya kazi hapa pia, nimeyatumia, ila ni makali kuliko soda kwahiyo weka nusu ya kipimo, yayeyushe kwanza kwenye maji uchuje mchanga, na ujue rangi itaiva zaidi na kuna kaladha kanabaki. Soda inashinda. Ukizidisha yoyote kati ya hizo unapata ladha ya sabuni na unaunguza vitamini B1 bure, kwahiyo kijiko kidogo kimoja kwa robo kilo kinatosha, usisikilize anayekwambia viwili.

Na kuna jambo la maji ambalo mapishi mengi ya nje hayataji. Sisi wa visima virefu, wa maji ya chumvi chumvi yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hayo maji yana kalsiamu na kalsiamu inakaza ile pektini badala ya kuilegeza, dengu zinachemka nusu siku ziko vile vile. Kama kwako maji ni hayo basi hata kuloweka na kuchemshia hummus tumia maji ya mvua au ya dukani yale ya madumu, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Na limau usiweke kwenye sufuria hata tone, tindikali nayo inakaza. Limau ni baadaye.

Presha kuka: nzuri sana kwa kuokoa gesi, dengu zilizolowekwa zinaiva ndani ya dakika 20 hivi toka ianze kupiga mluzi, ila dengu zina povu jingi na soda inaongeza povu, kwahiyo usijaze zaidi ya nusu, maganda na povu vikipanda vinaweza kuziba pale pa kutolea mvuke na hapo sio mahali pa kufanyia mchezo. Mi kwa hummus natumia sufuria ya kawaida kwa sababu nataka kuona na kutoa maganda yanavyopanda, lakini mwenye mkaa ghali na muda mchache presha kuka inamfaa. Maji ya mwisho ya kuchemshia usimwage yote, bakiza kikombe, ni mazito na yana ladha, utayahitaji.

Twende kwenye tahini, na hapa naomba usome taratibu kabla hujatoa hela.

Tahini ni ufuta uliosagwa mpaka ukawa uji wa mafuta, basi, kwenye lebo kiambato kiwe kimoja, ufuta. Ukikuta sukari, mafuta ya mboga, ama unga wa kitu kingine, rudisha kwenye shelfu. Ziko nyeupe zinazotokana na ufuta uliokobolewa, na ziko za kahawia zinazosagwa na ganda lake. Ile ya ganda inauzwa kama ya afya zaidi na ni kweli ina kalsiamu na nyuzinyuzi nyingi, lakini ganda la ufuta lina uchungu, na uchungu ule kwenye hummus unatawala kila kitu, limau haliusaidii, chumvi haiusaidii. Kwa hummus nyeupe tu. Za Lebanoni ndo zinapatikana kirahisi hapa Dar na nyingi ni nzuri, nyepesi, zinamiminika. Kipimo changu dukani ni kugeuza chupa kichwa chini, tahini nzuri mafuta yanajitenga juu kidogo na chini inasogea yote taratibu, kama chini kuna bonge limekaa kama saruji na juu kuna mafuta matupu hiyo imekaa sana, ukifika nyumbani utakoroga hadi mkono uchoke na bado itabaki na mabonge. Angalia na tarehe, mafuta ya ufuta yakizeeka yanatoa harufu ya rangi ya ukutani, na hummus yote inachukua hiyo harufu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba ufuta wenyewe tunao. Lindi, Mtwara, Ruvuma, kila msimu unauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani tani kwa tani, unapakiwa melini unaondoka, halafu sisi tunakwenda supamaketi kununua kachupa ka ufuta uliosagwa nchi nyingine. Kwahiyo nilianza kusaga mwenyewe na matokeo ni mazuri kuliko nilivyotegemea. Unanunua ufuta mweupe, unaupepeta na kuuosha vizuri kwa sababu mchanga ndo adui mkubwa, unaukausha juani, unaukaanga moto mdogo sana ukiwa unakoroga bila kuacha mpaka utoe harufu na ubadilike rangi kidogo tu, dhahabu hafifu, ukifika kahawia umepitiliza na uchungu umeingia. Unasaga ungali una joto kidogo, unaongeza mafuta kidogo kidogo, ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa, mpaka imiminike. Haifikii ulaini wa kiwandani kwa sababu kule wanasaga kwa mawe, na ganda wanaliondoa kwa maji ya chumvi, nyumbani ufuta wa sokoni mara nyingi bado una ganda, lakini harufu yake ikiwa ya leo leo hakuna chupa inayofika hapo. Alama zangu: tahini nyeupe nzuri ya Lebanoni 9 kati ya 10, ya kusaga nyumbani 8, ya kahawia kwa hummus 4, weka kwenye uji ama asali itakufaa zaidi.

Siagi ya karanga mbadala wa tahini, naulizwa sana hili. Inatoka kitu kinacholika, kitamu hata, ila sio hummus, karanga inameza dengu yote. Ukikosa tahini bora usage ufuta hata vijiko vitano kwenye kisagio cha viungo kuliko kuweka karanga.

Kwa dengu zako za gramu 250 kavu weka tahini kama gramu 200, na najua wengi mtasema ni nyingi, mapishi mengi yanasema vijiko viwili vitatu na ndo maana hummus za watu zinakuwa kama viazi vilivyopondwa. Tahini sio kiungo cha kunyunyiza hapa, ni nusu ya chakula.

Mpangilio wangu ni huu. Kamua malimau mawili, mawili na nusu kama ni madogo (ndimu nazo zinafaa ila ni kali, punguza), weka punje mbili tatu za kitunguu saumu na chumvi kijiko kidogo kimoja ndani ya maji hayo ya limau ndo usage, uache dakika kumi. Kitunguu saumu kikikatwa kinatengeneza ule ukali wake kwa kimeng'enya, na tindikali ya limau inakizima hicho kimeng'enya, kwahiyo unapata harufu bila ule moto unaokaa mdomoni mpaka kesho. Chuja, mimina tahini kwenye maji hayo, saga. Itakaza ghafla kama imeharibika, usiogope, tahini ikikutana na maji kidogo lazima ikaze, endelea kuongeza maji ya barafu kijiko kwa kijiko na itaachia, itakuwa nyeupe na nyepesi kama maziwa mgando. Ndo sasa uingize dengu zikiwa bado na uvuguvugu, saga dakika nne tano bila huruma, ikiwa nzito ongeza yale maji ya kuchemshia. Iache ikiwa nyepesi kuliko unavyotaka kuila maana wanga wa dengu ukipoa unakaza.

Mashine sasa, ambayo ndo swali la watu wote.

Blenda ya jagi ya kawaida, ile iliyopo karibu kila nyumba: inatosha. Shida yake moja ni kwamba chini ni pembamba, kitu kizito kinaganda pembeni na kisu kinabaki kinazungusha hewa katikati, ndo maana mtu anaongeza maji na kuongeza maji mpaka inakuwa supu. Dawa ni kuanza na ule mchanganyiko wa tahini na limau chini, dengu unaingiza kidogo kidogo, unazima, unasukuma pembeni na mwiko, unawasha, na mota unaipa mapumziko kila dakika moja, ukisikia harufu ya kuungua zima papo hapo. Na tafadhali usifunge dengu zinazotoka moshi kwenye jagi lililojaa, mvuke unarusha kifuniko na uji wa moto unakuja usoni, subiri ziwe vuguvugu. Kwa dengu zilizoiva vizuri na maganda yameshatolewa, hummus ya blenda ya kawaida ni laini kabisa, 8 kati ya 10.

Fuudi prosesa ni raha zaidi, bakuli pana, kisu kirefu, haihitaji maji mengi, unaweka unaondoka unarudi. Ulaini wake ni pungufu kidogo ya blenda kwa sababu visu haviko kasi sana, ila uzito wa hummus unakuja mzuri. Kama unapika mara kwa mara na unafanya pia kachumbari, kusaga vitunguu, nazi, basi inunue, kwa hummus peke yake hapana. Yale mablenda ya kasi kubwa ya bei ya pikipiki iliyotumika yanatoa hummus kama hariri, hilo nakubali, lakini yakiwekewa dengu mbichi mbichi na tahini mbaya yanatoa hummus mbaya iliyo laini. Blenda ya mkono ni sawa kwa kiasi kidogo. Kisagio cha viungo hapana, ni kidogo, kinachemka.

Kinu na mchi kinastahili sifa yake. Huko Syria, Lebanoni na Palestina zamani ilipondwa kwa mkono na mchi wa mti, na ukifanya hivyo unapata hummus yenye mwili, kuna vipande, kuna laini, na tahini ikishakorogwa pembeni ikamiminwa juu ni chakula kamili cha asubuhi. Wenyewe wana mlo wao unaoitwa musabbaha ambao dengu zinaachwa nzima nzima ndani ya tahini, kwahiyo asiye na umeme wala blenda hajakosa kitu.

Kuhifadhi. Hapa naomba msiniletee mazoea ya kuacha chakula mezani mpaka jioni. Hummus ni kunde iliyopikwa, ina maji, ina protini, bakteria wanaipenda kama sisi, na hata ya viwandani imewahi kuondolewa madukani huko Marekani kwa ajili ya Salmonella na Listeria. Ya nyumbani haina kemikali ya kuihifadhi, kwahiyo friji la nyuzi 4 au chini, siku nne, ya tano usiibembeleze. Mezani isizidi masaa mawili, na hali ya hewa ikipita nyuzi 32, ambayo kwa Dar mwezi wa pili ni karibu kila siku, isizidi saa moja. Umeme ukikatika friji lisipofunguliwa linashikilia ubaridi kama masaa manne, baada ya hapo hummus mwaga, usionje ili kuhakikisha.

Chombo: cha kioo chenye mfuniko wa kubana kinashinda, plastiki inashika harufu ya kitunguu saumu na haitoki tena, kesho unaweka matunda yananuka. Gawa kwenye vyombo vidogo ili usifungue kimoja mara kumi, na kijiko kiwe safi, kile kilichotoka mdomoni hakirudi. Mafuta ya zeituni juu yanazuia isikauke na kufanya ngozi, basi, hayaui bakteria, na wale wanaojaza mafuta na vitunguu saumu vizima wakaacha kabatini nje ya friji wanacheza na hatari, kitunguu saumu ndani ya mafuta bila hewa ni mazingira ya ile bakteria ya botulismu, sumu ya chakula inayoweza kuua.

Friza inakubali, miezi mitatu minne haina tatizo, acha nafasi juu ya chombo maana inatanuka ikiganda. Iyeyushe kwenye friji usiku mzima, itajitenga maji, ikoroge na limau kidogo na kijiko cha tahini itarudi. Ila mi naona bora zaidi kugandisha dengu zenyewe zikiwa zimeshachemshwa, unapima za mara moja kwenye kila mfuko, siku ukitaka unazichemsha kidogo na kusaga, tahini inaingia mpya na hummus inakuwa ya leo.

Zile za vikopo za supamaketi zilizotengenezwa tayari, kwa kifupi, nyingi zina tahini kidogo na mafuta ya mboga na tindikali ya kuongeza, ladha yake ni ya limau la unga. Zinasaidia kazini. 5 kati ya 10.

Kuandaa sasa, na hapa watu wanakosea kuitoa baridi. Hummus iliyotoka friji moja kwa moja imelala, tahini imekaza, harufu haipo. Itoe dakika 20 kabla, ikoroge na kijiko kimoja cha maji ya moto, iweke kwenye sahani pana sio bakuli lenye kina, tandaza na mgongo wa kijiko ukizungusha sahani ili katikati pabaki shimo na pembeni kuinuke, mimina mafuta ya zeituni pale kwenye shimo, nyunyiza bizari nyembamba uliyoikaanga na kuiponda, pilipili nyekundu ya unga isiyo kali, dengu nzima chache ulizozibakiza. Mafuta hapa yawe mazuri, yale ya zeituni ya kukamua bila moto, maana hayapikwi, unayaonja yalivyo.

Ya kulia nayo: mkate wa ajemi wa Zanzibar ukiwa wa moto ndo namba moja kwangu, hata mikate ya pita inayouzwa hapa mjini haiukaribii, mingi ni mikavu. Chapati ya maji hapana, chapati ya kusukuma yenye mafuta mengi inazidisha mafuta, labda iwe kavu. Mishikaki juu ya hummus ni kitu kikubwa sana, Walebanoni wanafanya na nyama ya kondoo ya kusaga na mbegu za msonobari, sisi mishikaki ya ng'ombe iliyokolea tangawizi na limau inakaa pale pale. Muhogo wa kuchemsha, karoti, matango, vyote sawa. Kwa futari ni nzuri kwa sababu inashibisha bila kulemea tumbo lililokaa tupu siku nzima.

Walebanoni na hummus hawana utani, mwaka 2010 waliweka rekodi ya dunia kwa kutengeneza sahani moja ya kilo 10,452, na hiyo namba waliichagua kwa sababu ndo kilomita za mraba za nchi yao. Miezi michache kabla ya hapo Waisraeli walikuwa wameweka ya kwao kule Abu Ghosh, mji mdogo karibu na Yerusalemu, kama kilo elfu nne, na mabishano ya hummus ni ya nani bado yapo mpaka leo. Ukila hummus huko Mashariki ya Kati asubuhi utaelewa, kuna maduka yanapika sufuria moja tu kubwa na ikiisha mchana wanafunga mlango.

Inayobaki sahanini usirudishe kwenye chombo kikubwa. Kama haijapitisha muda, iongezee maji ya moto na limau iwe sosi nyepesi, mwagia samaki wa kukaanga ama mboga za kuchoma ziishe hapo hapo. Na kabla hujaweka sahani mezani waulize wageni kama kuna mwenye mzio wa ufuta, kwetu hatuna mazoea ya kuuliza lakini upo na unaweza kuwa mkali, Marekani kuanzia 2023 ufuta unatakiwa kuandikwa kwenye lebo kama karanga na maziwa. Kwa mtoto mdogo ambaye hajawahi kuula mpe kidogo kwanza, mchana, ukiwa unamuangalia.